Jasho la Viganja: Hisia na Akili Zinavyoamua Pamoja

Dalali wa viwanja hahitaji kusomea saikolojia. Ana sentensi moja tu, na inamtosha: "Bosi, mimi sikulazimishi, ila kuna mtu anakuja kesho asubuhi na hela mkononi." Mimi niliambiwa hivyo jua la saa nane likiwa utosini, nimesimama kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini, ndani ndani huko Kibaha, kwenye kona kuna mwembe mkubwa. Mpaka dakika ile maswali yangu nilikuwa nimeyapanga. Eneo limepimwa au halijapimwa? Anayeuza ni mwenyewe, au ni mrithi mmoja kati ya sita? Masika maji yanapita wapi? Serikali ya mtaa inamtambua nani? Ile sentensi ilipotoka, maswali yote yakayeyuka, kikabaki kifua kinachodunda. Nikatoa laki tatu za kishika uchumba, kama tunavyotania.

Nyumbani nilipata hukumu mbili. Kaka yangu alisema nimetumia moyo mahali pa kutumia akili. Mama mkubwa alikuwa anachambua mchele, hata macho hakuinua. Akauliza: "Kwani moyo wako haukukwambia kitu?"

Uliniambia. Nilipoomba kumwona mwenye kiwanja, dalali alijibu kwamba amesafiri, na alijibu huku akikodolea simu ambayo haikuwa inaita. Tumbo likanikaza. Lakini hofu ya yule mtu wa kesho ilikuwa na sauti kubwa zaidi, nami nikaisikiliza hiyo. Kwa hiyo kaka na mama mkubwa wote walikuwa na haki, jambo ambalo halipaswi kuwezekana ikiwa kweli ndani ya mtu kuna moyo mmoja unaogombana na akili moja. Kwangu siku ile kulikuwa na hisia mbili. Moja ilijua kitu, nyingine ilikuwa imechokozwa tu. Na akili, ambayo kazi yake ingekuwa kuzitofautisha, ilikuwa imekwenda likizo.

Mpanda gari na mtumwa

Kiswahili kina picha yake ya jambo hili. Kuamua ni kuchagua, lakini pia ni kuingia katikati ya wanaopigana na kuwatenganisha. Ndiyo maana anayesimamia mechi ni mwamuzi. Ukiisikiliza lugha, mtu anayeamua anaachanisha ugomvi uliomo ndani yake mwenyewe. Mwanafalsafa Plato wa Athens, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikuwa na picha nyingine: nafsi ni gari linalokokotwa na farasi wawili, mmoja msikivu na mmoja mkorofi, na akili ndiyo imeshika hatamu. Picha hiyo imetutawala mno. Shuleni, msikitini, kanisani, kwenye vikao vya harusi, ushauri ni uleule: zuia hisia, tumia akili.

Mwaka 1739 mwanafalsafa Mskochi David Hume aliigeuza juu chini. Akili, alisema, ni mtumwa wa hisia, na tena haipaswi kujidai kuwa kitu kingine. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani alikuwa anasifia mihemko. Hoja yake ilikuwa kavu zaidi. Akili inaweza kukueleza basi gani linakwenda Moshi, nauli ni kiasi gani na linafika saa ngapi, lakini haiwezi kukufanya utake kwenda Moshi. Kutaka kunatoka kwingine.

Mabishano haya yangeweza kubaki ya wanafalsafa hadi leo kama si wagonjwa.

Maarufu kuliko wote ni Phineas Gage, nyapara wa ujenzi wa reli katika jimbo la Vermont, Marekani. Septemba 1848 baruti ililipuka kabla ya wakati, ikafyatua nondo ya urefu wa zaidi ya mita moja iliyompenya chini ya shavu na kutokea utosini. Hakufa. Inasimuliwa kwamba alibadilika tabia kabisa, akawa mtu wa matusi asiyeweza kushika mpango wowote. Mimi simtegemei sana Gage. Hadithi yake imeongezwa chumvi kila ilipopita, na wanaoisimulia mara nyingi husahau kwamba baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa, kazi isiyofanywa na mtu aliyepoteza uwezo wote wa kujiongoza. Mgonjwa wa kumwangalia ni mwingine.

Mtu aliyepona akapotea

Kwenye maandishi ya kitabibu anaitwa Elliot, jina la kumficha. Alikuwa mwanamume wa umri wa miaka thelathini na kitu, mume, baba, mfanyakazi anayeheshimika. Akaota uvimbe nyuma ya paji la uso, ukakua hadi kufikia chungwa dogo. Madaktari waliuondoa, pamoja na sehemu ya ubongo wa mbele iliyokuwa imekwisha kuharibika. Upasuaji ulikwenda vizuri. Alizungumza kama zamani, kumbukumbu ilikuwepo, hesabu zilikuwepo, na vipimo vya akili vilionyesha yuko juu ya wastani.

Ila maisha yake yalianza kumomonyoka. Asubuhi ilibidi asukumwe ndipo ajiandae kwenda kazini. Akipewa nyaraka azipange, angeweza kumaliza mchana mzima akiwaza azipange kwa tarehe, kwa ukubwa wa jalada, au kwa uzito wa mambo yaliyomo, na jioni ikafika hajapanga hata moja. Akafukuzwa kazi. Akaingiza akiba yake kwenye biashara na mtu ambaye kila aliyemfahamu alimwonya asishirikiane naye, akafilisika. Ndoa ikavunjika. Akaoa tena, ikavunjika tena.

Antonio Damasio, daktari wa neva mzaliwa wa Ureno aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa, alimpima Elliot kwa kila kipimo alichokuwa nacho, na kila kimoja Elliot alikipasi. Alipewa mikasa ya maisha, kwa mfano umevunja chungu cha maua cha mwenzi wako, utafanya nini, naye alitoa masuluhisho mengi na mazuri. Kisha akakiri mwenyewe kwamba pamoja na yote hayo, bado asingejua afanye lipi. Siri ilifichuka kwa njia isiyotarajiwa. Damasio aligundua kwamba katika masaa yote waliyozungumza, Elliot alisimulia kuporomoka kwake kwa utulivu wa msoma taarifa ya habari. Alipoonyeshwa picha za nyumba zinazoungua na watu wanaozama, alisema anakumbuka kwamba zamani vitu kama hivi vilimgusa, lakini sasa havimgusi.

Hapo ndipo nadharia ya Plato inapopata taabu. Farasi mkorofi ameondolewa. Aliyeshika hatamu yuko peke yake, mzima, mwerevu. Gari haliendi.

Kuna kisa kingine cha Damasio, cha mgonjwa mwenye jeraha linalofanana na hilo. Daktari alimpa tarehe mbili za miadi achague moja, zimepishana siku chache tu. Mgonjwa akatoa shajara yake, akaanza. Tarehe hii iko karibu na shughuli fulani, ile iko mbali na nyingine, hali ya hewa huenda ikawa hivi, huenda ikawa vile. Alichambua kwa karibu nusu saa. Kila hoja ilikuwa sahihi. Hatimaye Damasio akamwambia taratibu aje tarehe ya pili. Yule bwana akasema sawa, akafunga shajara, akaondoka. Hakuna kilichokuwa kimemwambia kwamba jambo lenyewe halistahili nusu saa. Sisi wengine huambiwa na kauchovu fulani, kaaibu ka kumpotezea mtu muda wake. Hisia hizo ndogo, ambazo hata jina hatuzipi, ndizo zinazotuambia jambo hili ni zito, hili jepesi, hili achana nalo. Akili ni hodari wa kuorodhesha. Uzito wa kila kilichomo kwenye orodha unatoka kwenye hisia.

Mafungu manne ya karata

Kisa cha mtu mmoja ni kisa tu, ndiyo maana Damasio na wenzake, akiwemo Antoine Bechara, walibuni mchezo waliouchapisha mwaka 1994. Unapewa dola 2,000 za kuchezea na mafungu manne ya karata zilizofunikwa. Kila karata unayofunua inakupa fedha, na nyingine zinakutoza faini. Mafungu mawili yanalipa dola 100 kila karata, mawili yanalipa 50. Usichoambiwa ni kwamba kwenye mafungu ya 100, kila karata kumi unavuna 1,000 na kutozwa faini za 1,250. Kwenye mafungu ya 50, unavuna 500 na kutozwa 250. Yale yanayong'aa yanakufilisi polepole. Yale ya kinyonge yanakujenga.

Watu wenye afya huanza kwa kukimbilia mia, wakachomwa, na kidogo kidogo wakahamia hamsini. Watafiti walikuwa wamewafunga vifaa vinavyopima jasho la ngozi ya mkono, lile jembamba ambalo hata mwenyewe hulioni. Baada ya karata chache tu, mkono ulipokuwa unaelekea kwenye fungu baya, jasho lilipanda kabla karata haijafunuliwa. Mchezaji ukimuuliza wakati huo, hana maelezo. Kwenye karata ya 50 hivi ndipo anaposema ana wasiwasi na fungu fulani. Kwenye ya 80 wengi waliweza kueleza mchezo ulivyo. Wagonjwa wenye jeraha kama la Elliot hawakutoa jasho lile la tahadhari, na waliendelea kuvuta karata za mia hadi wakafilisika.

Damasio akasema mwili unaweka alama. Kila tulichoungua nacho kinaachiwa doa la hisia, na tukikaribia kitu kinachofanana nacho, doa linaamka, tumbo linakaza, kabla akili haijapata maneno. Maelezo hayo yalipendwa mno, pengine kupita kiasi. Mwaka 2004 watafiti wawili, Tiago Maia na James McClelland, waliurudia mchezo huo wakiuliza maswali ya kina zaidi, wakakuta wachezaji wanajua mapema kuliko ilivyodhaniwa. Yaani huenda jasho halitangulii kujua kwa umbali ule uliosimuliwa. Ni sahihisho la haki. Lakini kuna kitu haligusi, na kwangu ndicho kiini: baadhi ya wale wagonjwa walifika mahali wakaweza kusema kabisa ni mafungu gani mabaya, na bado mkono ukaenda hukohuko. Walijua. Kujua hakukuwauma.

Kama umewahi kuishi na mlevi anayekueleza kwa ufasaha madhara ya pombe, unaelewa.

Hisia isiyojua imetoka wapi

Baada ya kuusifia mwili hivi, lazima nimrudie dalali, kwa sababu kifua changu kilidunda kweli pale Kibaha na kilidunda kwa upuuzi.

Tatizo ni kwamba hisia haiji na anwani ya ilikotoka. Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walimweka mwanamke mmoja avizie wanaume wanaovuka daraja la kuning'inia la Capilano, karibu na Vancouver, Kanada, linaloyumba juu ya bonde lenye kina cha kama mita 70. Aliwauliza maswali ya utafiti, kisha akawaachia namba ya simu kama wangependa maelezo zaidi. Wengine aliwauliza kwenye daraja fupi, imara, lililo chini. Kati ya wanaume 18 waliopokea namba kwenye daraja linaloyumba, 9 walipiga. Kwenye daraja imara, walipiga 2 kati ya 16. Moyo ulikuwa unadunda kwa sababu ya kimo, mtu akadhani ni kwa sababu ya binti.

Dalali anafanya hivyohivyo. Anakuyumbisha kwa haraka na ushindani, kisha anakuacha uamini kwamba unakipenda kiwanja. Wenye michezo ya upatu hufanya hivyo kwa hofu ya kupitwa na wenzako. Matangazo ya siasa hufanya hivyo kwa muziki. Mapigo ya moyo ni ya kweli kabisa, ila yanahusu jambo jingine.

Upungufu wa pili wa hisia ni hesabu. Haijui kuhesabu kabisa. Watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha mwaka 2007 jaribio ambalo sijawahi kulisahau. Watu walipewa dola 5 na nafasi ya kuchangia waathirika wa njaa Afrika. Walioonyeshwa msichana mmoja wa miaka 7 kutoka Mali, aliyeitwa Rokia, walitoa wastani wa dola 2.38. Walioonyeshwa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa 1.14. Kuna waliopewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu, na mtu angetegemea hao watoe zaidi. Walitoa 1.43. Takwimu zilipoongezwa, zilimpunguza Rokia.

Na hofu nayo ni vilevile. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliogopa ndege wakaingia barabarani na magari yao. Gerd Gigerenzer, mwanasaikolojia Mjerumani, alikadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata, watu wapatao 1,500 zaidi ya kawaida walikufa kwenye ajali za barabarani kwa sababu ya kuikimbia ndege. Kwenye mambo ya namna hii, ya namba kubwa na hatari zinazolinganishwa, sina subira na wanaosema fuata moyo wako. Moyo haujui milioni ni nini.

Lakini akili nayo tusiitakase. Ina ugonjwa wake: herufi moja tu mbele, na akili inageuka wakili. Imeshapewa mteja, yaani kile ambacho umeshakitaka, na kazi yake inabaki kumtafutia hoja. Njiani kutoka Kibaha nilijikuta najieleza kwamba barabara ya lami itafika, kwamba bei iliyoshuka ni bahati yangu, kwamba mwembe ni kivuli cha bure. Hakuna hata moja niliyoifikiria kabla ya kutoa fedha.

Na hata isipokuwa wakili, inaweza kukupoteza kwa kupenda yale yanayosemeka. Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake, mwaka 1993, waliwapa wanafunzi picha za kubandika ukutani wachague moja ya kwenda nayo nyumbani. Nusu waliambiwa kwanza waandike sababu za kupenda na kutopenda kila picha. Wiki tatu baadaye, walioandika sababu hawakuwa wameridhika na walichochagua kama waliochukua tu. Sababu zilizo rahisi kuandika si lazima ziwe ndizo utakazoishi nazo. Wahenga walilisema kwa ufupi: akili nyingi huondoa maarifa. Nilikuwa nadhani ni methali ya wavivu.

Moyo umesomea nini?

Kwa hiyo swali linalofaa ni hili: hisia hii imesomea wapi jambo hili?

Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002 kwa kazi iliyoonyesha jinsi tunavyokosea, alikuwa haamini machale. Gary Klein, aliyewachunguza makamanda wa zimamoto wanaotoa kikosi nje sekunde chache kabla sakafu haijaporomoka, aliyaamini. Badala ya kurushiana makala wakakaa pamoja miaka kadhaa, na mwaka 2009 wakaandika waliyokubaliana. Machale yanaaminika pale mambo mawili yanapokuwepo: shughuli yenyewe iwe na mpangilio unaojirudia, na mtu awe ameifanya mara nyingi huku akipata majibu mapema ya alipopatia na alipokosea.

Jaribu kipimo hicho mtaani. Fundi makenika anayesikia injini ikipita akasema kuna kitu hakiko sawa, msikilize, hata kama hawezi kueleza. Amesikia injini elfu na kila moja ilimjibu siku hiyohiyo. Mama lishe akikwambia wali huu utatoka bokoboko, usibishane naye. Mwenye duka anayesita kumkopesha mteja mpya anayecheka sana, nadhani ana haki. Lakini anayebashiri mechi kwenye simu na kusema leo moyo unamtuma, moyo wake umesomea wapi? Matokeo ni ya bahati kwa kiwango kikubwa, na anakumbuka siku alizoshinda tu.

Nikikirudisha kipimo hicho Kibaha, mambo yananyooka. Kiwanja nilikuwa sijawahi kununua hata kimoja. Shauku yangu ya kukitaka haikuwa na elimu yoyote. Lakini nyuso za watu nimezisoma tangu utotoni, na nimejibiwa mara nyingi, kwa machungu na kwa furaha. Tumbo lililokaza pale dalali alipokodolea simu lilikuwa na uzoefu wa miaka thelathini. Nilimsikiliza mwanafunzi, nikampuuza mwalimu.

Kuipangia hisia saa yake

Kuna njia ya tatu ambayo haizungumzwi sana, na huenda ndiyo yenye faida zaidi: kutopambana na hisia wakati imeshapanda, bali kupanga mapema ikukute wapi.

Magharibi mwa Kenya, upande wa Busia, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walishangazwa na wakulima wa mahindi. Karibu wote walisema msimu ujao watatumia mbolea, na walimaanisha. Ukifika wakati wa kupanda, wengi hawana fedha. Si kwamba hawakuelewa faida. Walikuwa wameiona kwenye mashamba ya majaribio. Baina ya mavuno na kupanda kuna miezi kadhaa yenye karo, misiba, harusi na mjomba mwenye shida, na kila shilingi hukutana na hisia ya siku hiyo. Watafiti hawakuanzisha semina ya nidhamu ya fedha. Walikwenda kwa wakulima mara tu baada ya mavuno, mfuko ukiwa mzito na moyo ukiwa mwepesi, wakawaambia: ukilipia sasa, tutakuletea mbolea mpaka nyumbani bila gharama ya usafiri. Mpango waliuita SAFI. Matumizi ya mbolea yalipanda kwa kati ya asilimia 47 na 70. Kilichobadilishwa kilikuwa tarehe ya kuamua, na ile nauli ndogo ikaondolewa ili mtu asipate kisingizio.

Jamii zetu zinalijua jambo hili kwa njia zake. Posa haipelekwi na bwana harusi mwenyewe; kuna mshenga, kuna barua, kuna kusubiri jibu. Katika fiqhi ya Kiislamu talaka rejea ina eda, na ndani ya eda mume anaweza kumrejea mkewe, kwa hiyo neno lililotoka kwa hasira lina miezi ya kupoa. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida haimruhusu mtu kwenda mahakamani kuomba talaka kabla shauri halijapita kwenye baraza la usuluhishi. Hata kibubu, kile cha kuvunja ndipo utoe, ni mkataba baina ya wewe wa leo na wewe wa Ijumaa jioni. Mambo haya vijana huyaona kama urasimu wa wazee, na mengine kweli yametumiwa vibaya, hasa dhidi ya wanawake wanaotaka kutoka kwenye ndoa zinazowaumiza. Mantiki iliyomo hata hivyo ni nzuri: hasira ikiwa ya haki, itakuwepo pia wiki mbili zijazo.

Siku hizi ninapokwenda kuangalia kitu cha bei kubwa, siendi na fedha wala simu yenye salio la kutosha. Si kwa kuogopa wezi. Dalali akitamka ile sentensi yake, kifua kinadunda vilevile, sijapona, lakini mkono hauna cha kutoa, na njia nzima ya kurudi ninabaki kujiuliza kilichonidundisha ni kiwanja au ni sentensi. Tumbo likikaza, hilo ninalichukulia kama swali la kuuliza palepale, kwa sauti: mwenyewe yuko wapi?

Laki tatu sikuzipata. Serikali ya mtaa walinieleza kwamba eneo lile ni la urithi na ndugu hawajapatana. Masika yaliyofuata nilipita njia ileile kwa shughuli nyingine. Mwembe ulikuwa umesimama kwenye dimbwi. Na yule mtu wa kesho asubuhi, ambaye kwa muda mrefu nilijua ni uongo wa dalali, kumbe alikuwepo kweli: kulikuwa na msingi mpya, tofali kozi tatu, maji yameuzunguka pande zote.